Benki inatufungia akaunti ya chama cha kuzikana na haisemi kwa nini. Ina haki hiyo?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana hapa Uingereza. Tuko wanachama 84, wengi Watanzania, wachache watu wa Mombasa. Kila mwezi mtu huchanga pauni 10, na ukitokea msiba tunachanga zaidi ili maiti asafirishwe nyumbani au azikwe hapahapa. Benki tuliyokaa nayo miaka 11 imetuandikia kwamba baada ya siku 60 akaunti inafungwa. Sababu hawakutaja. Nimepiga simu mara nne, kila anayepokea ananisomea maneno yaleyale. Kwenye chama wengine wanasema ni majina yetu ya Kiislamu, na wengine wameanza kuniuliza mimi kama kuna jambo nimelifanya. Mwenyekiti anataka michango iingie kwenye akaunti yangu binafsi mpaka mambo yatulie. Je, benki ina haki hiyo? Na tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na hilo la mwenyekiti, maana ndilo lenye haraka: usikubali. Hata kwa wiki moja. Michango ya watu zaidi ya themanini ikianza kumiminika kwenye akaunti ya mtu mmoja, kisha ikatoka kwa mkupuo kwenda Tanga au Mombasa, akaunti yako itafanana kabisa na zile za vijana wanaowaazima matapeli akaunti zao ili fedha za wizi zipitie humo. Uingereza kuna shirika liitwalo Cifas, ambalo benki hulitumia kupeana taarifa za ulaghai. Jina likiwekwa alama humo kwa kosa la namna hiyo linaweza kukaa nayo miaka sita, na kwa miaka hiyo hata akaunti ya kupokelea mshahara ni shida kuipata, achilia mbali mkopo wa nyumba. Leo chama ndicho kinachokosa benki. Usije na wewe ukakosa. Mwambie mwenyekiti nimekataa mimi.

Sasa barua yenyewe. Nimefanya kazi miaka mingi katika kitengo cha benki kinachochunguza miamala yenye shaka (benki siitaji), kwa hiyo naweza kukueleza barua kama hiyo huzaliwa vipi. Mara nyingi hakuna mtu aliyekaa akasema hawa Waswahili tuwatoe. Huanza kompyuta. Inaona akaunti inayopokea vipande vidogo vidogo kutoka kwa watu kadhaa wa kadhaa. Jumatatu zinawekwa pauni 2,300 taslimu kwenye kaunta. Jumatano zinatoka pauni 6,000 na ushee kwenda kwa mtu binafsi Afrika Mashariki. Vingi vidogo vinaingia, kimoja kikubwa kinatoka, upesi, nje ya nchi. Kwa kompyuta huo ni mchoro wa utakatishaji wa fedha. Kwetu sisi ni mtu kafa Ijumaa, Jumapili watu wakachanga kwenye sinia.

Kompyuta ikishapiga kelele, faili hufika kwa binadamu. Siku moja mwenzangu wa meza ya pili aliniita nimsaidie lugha. Mbele yake kulikuwa na taarifa ya akaunti ya kikundi kama chenu, na pale penye maelezo ya malipo watu walikuwa wameandika "msiba", "msiba wa mama", "rambirambi", "msiba tena". Kwenye ripoti yake alikuwa keshaandika kwamba watu zaidi ya sitini wanamtumia fedha mara kwa mara mtu mmoja aitwaye Msiba, na kwamba benki haina kitambulisho cha huyo Msiba. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikasoma pendekezo lake chini ya ukurasa: funga akaunti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na rundo la faili za siku hiyo, na hakuna kokote kwenye mafunzo yake palipomwambia kwamba kuna watu duniani huchangiana kuzikana.

Jiweke kwenye kiti chake. Akaunti yenu haina mkopo wala ada ya maana; saa mbili za mchunguzi mmoja zinameza chochote benki ilichopata kwenu mwaka mzima. Akikuacheni na mkawa wasafi, hakuna atakayemshukuru. Akikuacheni kisha ikagundulika mlikuwa wachafu, benki inapigwa faini na yeye anaulizwa kwa nini hakuona. Akikufungieni na kumbe mlikuwa wasafi, hasara yote inabaki kwenu: maiti yuko mochwari na fedha hazina pa kupita. Basi kuna makosa ya aina mbili, moja hulipiwa na benki, la pili hulipiwa na mteja. Usishangae lipi hufanywa zaidi.

Na woga wa benki hautoki hewani. Desemba 2012 HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 Marekani, sehemu kwa kuwa fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Meksiko zilipita mikononi mwake. Desemba 2021 NatWest ilitozwa faini ya pauni milioni 264.8 na mahakama ya London kwa ajili ya mteja mmoja, duka la vito la Bradford, lililoweka kama pauni milioni 365 ndani ya miaka mitano. Kati ya hizo, milioni 264 zilikuwa noti taslimu, na nyingine ziliingizwa tawini ndani ya mifuko myeusi ya taka mpaka mifuko ikapasuka. Hiyo ndiyo benki iliyolala.

Sasa angalia benki hiyohiyo miaka miwili baadaye. Katikati ya 2023 mwanasiasa Nigel Farage alitangaza kwamba Coutts, benki ya matajiri iliyo chini ya NatWest, imemfungia akaunti. Aliomba kwa mujibu wa sheria apewe kila kilichoandikwa juu yake, akapata kurasa kama 40, na humo kamati ya benki ilikuwa imejadili maoni yake ya kisiasa, si salio lake tu. Mkuu wa NatWest, Alison Rose, alijiuzulu Julai 2023 baada ya kukiri kwamba alizungumza na mwandishi wa BBC kuhusu akaunti ya mteja. Mkuu wa Coutts akamfuata siku moja baadaye. Tangu hapo mjadala wa kufungiwa akaunti umekuwa mjadala wa siasa. Marekani nako Rais Donald Trump alitia saini amri Agosti 2025 ya kuzuia benki kuwanyima watu huduma kwa sababu ya siasa au dini zao.

Sina ugomvi na Farage kupata haki yake. Lakini yeye alikuwa na magazeti, mawakili na kamera nje ya mlango. Mamlaka inayosimamia benki za Uingereza, Financial Conduct Authority, ilichunguza na Septemba 2023 ikasema haikuona ushahidi wa akaunti kufungwa hasa kwa sababu ya maoni ya kisiasa. Nyingi zilifungwa kwa kulala muda mrefu bila kutumika au kwa hofu ya uhalifu wa fedha. Wakubwa walisoma sentensi ile wakapumua. Mimi niliisoma kinyume: kama siyo siasa, basi ni "hofu ya uhalifu", na ndani ya maneno hayo matatu ndimo mlimo ninyi na Msiba wenu. Takwimu za mamlaka hiyo zilionyesha akaunti zaidi ya 343,000 zimefungwa kwa mwaka wa 2021/22, wakati mwaka wa 2016/17 zilikuwa kama 45,000.

Wasomali wa London waliyaona haya kabla ya wote. Mwaka 2013 Barclays iliyapa kampuni za kutuma fedha zipatazo 250 notisi ya kuondoka, ikiwemo Dahabshiil, mshipa ambao familia nyingi za Somalia zilikuwa zinautegemea kuishi. Mo Farah, bingwa wa Olimpiki, alisimama kuwatetea. Dahabshiil ikaenda mahakamani, Novemba 2013 ikapata zuio la muda, na mwaka uliofuata wakapatana kwamba iondoke polepole. Waliopewa muda ni wale waliomudu wakili.

Sasa hilo la majina ya Kiislamu. Sitakuambia halina ukweli. Mwaka 2014 HSBC iliuandikia msikiti wa Finsbury Park, London, kwamba akaunti yao sasa imevuka kiwango cha hatari ambacho benki iko tayari kukibeba. Maelezo mengine hakuna. Na kuna jambo dogo la kila siku: majina yetu hurudiana. Mohamed Ali, Juma Salim, Fatma Said, kila mtaa wa Pwani wamo kumi. Orodha za waliowekewa vikwazo nazo zimejaa majina ya jamaa hizo, basi kompyuta hugonga kengele kwenye akaunti yenu mara nyingi kuliko kwenye akaunti ya klabu ya bustani ya Waingereza, na kila kengele ni gharama. Sheria ya usawa ya 2010 inakataza kumnyima mtu huduma kwa sababu ya dini au asili yake. Kuthibitisha ni kazi nyingine, maana benki itasema tumeangalia miamala, hatukuangalia majina. Kama mnaamini ndivyo, liandikeni kwenye malalamiko waziwazi, lakini msiliweke peke yake.

Nchi nazo huwekewa alama. Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima namna nchi zinavyopambana na fedha haramu, Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Kipindi chote hicho kila muamala wenu wa kwenda nyumbani ulikuwa unaongeza alama kwenye faili. Wala usidhani benki zenyewe zinaokoka: FBME, iliyosajiliwa Tanzania na kufanya sehemu kubwa ya biashara yake Kupro, ilitajwa na Wizara ya Fedha ya Marekani Julai 2014 kuwa tishio la utakatishaji wa fedha, milango ya dola ikaanza kufungwa, na Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ikaifutia leseni. Wenye amana mle ndani hawakuulizwa.

Haya, haki. Ndiyo, benki ina haki ya kuvunja mkataba, ilimradi itoe notisi, na kwa akaunti kama yenu notisi ni miezi miwili. Sheria iliyopitishwa 2025 imeirefusha kuwa siku 90 na kuilazimisha benki ieleze sababu kinagaubaga, isipokuwa pale sheria nyingine inapokataza. Ila ni kwa mikataba iliyoanza tarehe 28 Aprili 2026 na kuendelea, na wenu ni wa zamani. Utasikia pia watu wakisema kila mkazi wa Uingereza ana haki ya akaunti ya msingi. Ni kweli, benki kubwa kadhaa zinatakiwa kuitoa, lakini kwa mtu binafsi. Chama si mtu. Kwa maoni yangu hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote katika sheria hizi, na sijamsikia mwanasiasa hata mmoja akijiuzulu kwa ajili yake.

Kwa nini hawasemi sababu? Sheria ya mali za uhalifu ya 2002 inamtaka mfanyakazi wa benki atoe taarifa serikalini akishuku, na inamkataza kumdokeza mteja. Akidokeza anaweza kufungwa mpaka miaka miwili. Kwa hiyo benki huandika barua moja kwa wote, yule waliyemshuku na yule waliyemchoka. Huyo anayekusomea maneno kwenye simu hajui kitu. Skrini yake haimwonyeshi. Usipoteze simu ya tano.

Dalili moja unaweza kuiangalia mwenyewe. Je, akaunti bado inalipa na kupokea? Kama inalipa, mmefungiwa, hamkuzuiwa, na hayo ni mambo mawili. Kuzuiwa ni fedha kugandishwa. Watu wa Mombasa wanalijua: baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, serikali ya Kenya ilizuia akaunti za mashirika ya haki za binadamu ya HAKI Africa na MUHURI, na kampuni 13 za hawala zikasimamishiwa leseni. Hawala walirudishiwa Juni. Mashirika yale yalisubiri mpaka Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru Novemba akaunti zifunguliwe. Miezi saba bila mishahara. Ninyi bado mnatembea na fedha zenu. Zitumieni vizuri siku hizi 60.

Wiki hii andikeni malalamiko rasmi kwa benki, kwa barua, si kwa simu. Ombeni mambo mawili: uamuzi uangaliwe upya na mtu mwingine, na kama hawageuki, muda uongezwe. Ambatanisheni katiba ya chama, kumbukumbu za mkutano uliowachagua viongozi, na majina ya wenye kutia saini. Na zaidi ya vyote, ukurasa mmoja wa Kiingereza chepesi unaoeleza chama kinafanya nini, wenye kamusi ndogo: msiba, rambirambi, sanda, hitima, arobaini. Usicheke. Ule mkasa wa Msiba uliisha hivyo. Kiongozi wa kile kikundi alileta ukurasa kama huo, na akaunti haikufungwa.

Benki ikikataa, au wiki nane zikipita kimya, pelekeni shauri kwa Financial Ombudsman Service. Ni bure. Mashirika ya hisani yenye mapato chini ya pauni milioni 6.5 kwa mwaka hupokelewa, na mna miezi sita tangu siku ya jibu la mwisho la benki. Faida yake kubwa ni kwamba mwamuzi anaweza kuliona faili ambalo ninyi hamruhusiwi kuliona. Ni nadra kuilazimisha benki ikurudisheni, lakini anaweza kuitoza fidia, na benki zinapojua mtu wa nje atasoma huandika mafaili yao kwa adabu zaidi.

Wewe binafsi, dada, omba taarifa zako: kwa benki, na kwa Cifas. Hazilipiwi na wana mwezi mmoja kukujibu. Chama hakina haki hii kwa sababu, tena, si mtu, lakini kila kiongozi anayo kwa jina lake. Majibu yakija safi yapige chapa uyaweke mezani mkutanoni, maana naona kwenye chama wameshaanza kumtafuta mchawi, na mweka hazina ndiye wa kwanza kuonekana.

Wakati huohuo tafuteni benki nyingine, na msisubiri siku ya 50. Ukiulizwa kwenye fomu kama mmewahi kufungiwa, sema ndiyo. Fungueni na watia saini wawili. Kuanzia hapo mwanachama asiandike "msiba"; aandike namba yake ya uanachama. Fedha za kwenye sinia zihesabiwe na watu wawili, ziandikwe nani katoa nini, na karatasi hiyo iende benki pamoja na noti. Malipo yaende kwa kampuni ya mazishi au shirika la ndege dhidi ya ankara, si kwa shemeji wa marehemu kule Tanga, hata kama shemeji ni mwaminifu kuliko sisi wote. Kila mtakavyorahisisha kazi ya kukujueni, ndivyo mtakavyokuwa wateja rahisi kubaki nao.

Tahadhari moja ambayo wengi huikuta wamechelewa. Siku ikifika, benki nyingi hutuma salio lililobaki kwa hundi yenye jina la chama. Hundi hiyo haiwezi kuingia popote ila kwenye akaunti yenye jina hilohilo, na ninyi wakati huo hamna. Jitahidini salio liwe limehamia kwenye akaunti mpya kabla, na kama haijapatikana, ombeni kwa maandishi benki ilishikilie mpaka mtakapowapa namba.

Na Mungu apishe mbali, akifariki mtu katika hizo wiki ambazo hamna akaunti, fedha zisipite kwa mtu yeyote. Piga simu kwa kampuni ya mazishi, waombe ankara moja kwa jina la marehemu, itume kwenye kundi la WhatsApp, na kila mwanachama alipe fungu lake moja kwa moja kwa kampuni akitaja namba ya ankara. Wao huandika kila kilichoingia. Wewe kazi yako iwe kushika orodha na kuwapigia ambao hawajalipa.